Tabora mpaka Ujiji na kopi za mashairi ya siafu: siku sita

Nimerudi Dodoma wiki ya tatu sasa na ndo napata muda wa kukaa kuandika. Picha ziko kwenye simu, daftari nalo limelowa mawese kurasa za katikati (nitaeleza), kwa hiyo siku ya nne imeandikwa kwa kukumbuka zaidi kuliko kusoma.

Kwanza sababu ya safari maana kila niliyemuaga aliuliza unaenda Kigoma kufanya nini. Nina kisteshenari changu karibu na stendi, kopi, kuprinti, kulamineti, hayo hayo. Mwezi wa tisa akaja mzee mmoja na kitabu cha mashairi kikuukuu, hakina jalada, uzi umeachia, anataka kopi mbili za kitabu kizima. Mashine yangu ikishapata moto inagoma, inabidi uizime uisubiri ipoe, basi nikawa nasubiri huku nasoma. Nikagonga shairi la siafu na nyoka. Siafu wadogo, nyoka mkubwa, siafu wanamkazania mpaka nyoka hana raha. Nikacheka, nikamwambia mzee hili la watoto. Akaniangalia akasema, "La watoto? Soma tena, halafu jiulize nyoka ni nani."

Kumbe ni Mashairi ya Saadani, kilichapwa 1972, mtunzi Saadani Abdu Kandoro, mtu wa Ujiji, na ni mmoja wa wale 17 waliokaa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954 kuanzisha TANU, chama kilichodai uhuru. Nikamwomba mzee nijitolee kurasa sita, akasema we toa tu. Kurasa hizo nikazikunja kwenye pochi na tangu siku hiyo Ujiji ikaniingia kichwani, Novemba nikamwachia mdogo wangu duka nikaondoka.

Siku ya 1, Dodoma – Tabora

Basi la asubuhi, nauli elfu thelathini na moja. Manyoni chipsi kavu, Itigi vichaka, baada ya hapo nililala. Lami ipo njia nzima siku hizi, anayekutisha na vumbi la Itigi anakumbuka zamani zake.

Tabora tumeingia saa kumi na mbili jioni, mvua imetoka kunyesha, mji mzima unanuka maembe. Gesti Ng'ambo, elfu ishirini, maji ya moto ya ndoo. Dada wa mapokezi aliposikia natokea Dodoma akaniletea matobolwa kwenye sahani bila kuagizwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, akasema tafuna taratibu ukiwa unachaji simu. Nilitafuna mpaka taya zikauma. Vitamu jamani.

Siku ya 2, Tabora

Boda mpaka Kwihara kwenda na kurudi elfu kumi, na anakusubiri. Ni ile tembe aliyokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Nyumba ya udongo nene, baridi ndani hata jua likiwa kali. Nilikaa nusu saa, nikaona inatosha.

Kilichonigusa zaidi ni stori ya yule dereva wa boda njiani. Alikuwa anaongea kwa kugeuza shingo (kaka yangu, angalia mbele) akanieleza habari za Mtemi Isike, aliyepigana na Wajerumani, na Januari 1893 walipovunja ngome yake akawasha baruti ajilipue kuliko kukamatwa. Nikamuuliza umejifunza shule? Akasema kidogo shule, kingi kwa bibi yake, alikuwa anaimba wakati wa kupukuchua mahindi. Nikamwomba aimbe. Akaimba kipande kwa Kinyamwezi, pikipiki inaenda, upepo unabeba nusu ya maneno, nusu iliyobaki sikuielewa. Nilijaribu kurekodi, nimesikiliza juzi, ni mngurumo wa injini mwanzo mwisho.

Mchana nilitaka kuona palipofanyika mkutano wa TANU wa Januari 1958, ule wa Uamuzi wa Busara. Nikaonyeshwa majengo mawili tofauti na watu wawili, kila mmoja ana uhakika. Nikapiga picha yote mawili. Ukienda, muulize mtu mzima, sisi vijana tunakisia.

Aliyesahau historia yake nimkumbushe: Mwingereza alileta uchaguzi wa kura tatu, kila mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Yaani watu kwa mamilioni wanapewa kiti sawa na Wazungu wachache, halafu unaambiwa ndo usawa wa mataifa. Na kupiga kura kwenyewe kuna masharti ya kipato na elimu. Wengi Tabora walitaka TANU isuse. Nyerere akawashawishi waingie humohumo, Zuberi Mtemvu akakasirika akatoka na kuanzisha chama chake. TANU na wale iliowaunga mkono wakaja kushinda viti vyote. Mimi hadi leo nadhani ningekuwa ukumbini ningekuwa upande wa wenye hasira, ila hainisaidii kitu kusema.

Usiku ugali na mlenda, kuku wa kienyeji nusu, elfu saba. Nikanunua asali chupa moja elfu kumi. Ya Tabora inunueni Tabora, njiani kuna ya sukari.

Siku ya 3, stesheni

Treni ya kwenda Kigoma ilitakiwa jioni. Ilikuja saa tisa usiku. Sina la kuongeza isipokuwa ushauri: nenda na kanga, pawabenki iliyojaa na chenji ndogo ndogo. Mama mmoja muuza chai alitupa maboksi tulalie chini na hakutaka hela, alisema "boksi si chai."

Daraja la tatu, kukaa. Ya kulala ilikuwa imejaa.

Siku ya 3 kuamkia ya 4, ndani ya behewa

Hapa ndo safari yenyewe.

Mbele yangu alikaa mama mmoja mwembamba, miwani imefungwa uzi, kapu la maembe katikati ya miguu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, kimya. Kulipopambazuka tuko Urambo nikatoa zile kopi zangu nisome. Akaona. Akanyoosha mkono bila kuomba, akasoma mstari wa kwanza kimoyomoyo midomo ikicheza, halafu akaanza kuughani. Sio kusoma, kughani, ile sauti ya kuvuta mwisho wa kipande. Behewa likanyamaza. Kijana aliyekuwa anacheza singeli kwenye simu akazima.

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili, miaka thelathini na kitu ya chaki, anarudi kwake Uvinza. Akaniambia, "Mwanangu, unayasoma kwa macho, haya ni ya koo." Akanieleza kuhusu Sheikh Kaluta Amri Abedi, huyo naye mzaliwa wa Ujiji, 1924, aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Kwake yeye kitu kisichoimbika si shairi. Na kitabu kilitoka 1954, mwaka uleule wa TANU. Nilikuwa namjua kwa uwanja wa mpira wa Arusha tu, nikakiri, mwalimu akatikisa kichwa kama nimefeli mtihani. Yeye ndo alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, 1960. Fikiria mji ule uliogawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, anakuja kuukalia mtunga mashairi wa Ujiji.

Nikamuuliza kwa nini mashairi, kwa nini wasiandike tu makala wakasema ukweli. Akacheka. "Makala yanafungwa, mwanangu." Akasema angalia Mambo Leo, gazeti la serikali ya kikoloni lenyewe, toka 1923, lilikuwa na sehemu ya mashairi. Mtu akituma makala kwamba Mzungu atupishe haitoki. Akituma shairi la mdudu na mnyama likapita, Mwafrika atalisoma atajua. Tena kopi moja ya gazeti inasomwa na mtu mmoja kwa sauti kibarazani, kumi wanasikiliza, na kwa kuwa lina vina wanaondoka nalo kichwani. Utalipekua wapi kichwani mwa mtu? Kule Kanda ya Ziwa alikokuwa Kandoro, TANU ilinyimwa usajili miaka kadhaa mpaka 1958. Tawi unaweza kulifunga. Akataja na Afrika Kusini, mshairi Dennis Brutus, katoka gerezani Robben Island amekatazwa kuandika cha kuchapisha, akaandika mashairi yake kama barua kwa shemeji yake. "Umeona? Kule barua, huku siafu."

Jamaa wa Kasulu aliyekaa dirishani akaingilia, akasema babu yake alikwenda manamba mkongeni Tanga, kusoma hajui, ila aliporudi alikuwa na nyimbo za msimamizi wa Kizungu ambazo mwenyewe msimamizi alikuwa anazipigia makofi. Nyimbo zinamtukana. Tulicheka mpaka askari wa treni akaja kuchungulia.

Kaliua tulisimama sana. Mwalimu akanipa daftari langu mwenyewe: "Tunga. Beti moja, juu ya hiki ulichokalia." Akanihadithia kwamba zamani za mkoloni treni hii ilijulikana, la kwanza Mzungu, la pili Mhindi, la tatu sisi. Nikaandika mstari: *Daraja la kwanza ni lao*. Akahesabu kwa kugonga vidole pajani, da-ra-ja-la-kwa-nza-ni-la-o, kidole cha tisa akakiinua juu kama anaonyesha kidonda. "Huyu wa tisa ametoka wapi?" Toa "ni". Toa "la". Mizani (silabi) nane kushoto, nane kulia, kina katikati, kina mwisho. Nilichukua muda wote wa Kaliua na zaidi. Hatimaye:

*Daraja la kwanza wao, sisi tatu tubanane,*
*Viti laini ni vyao, mbao zetu tupangane,*
*Mataruma si ya kwao, jasho letu tulinene,*
*Gari moshi lenda leo, tumeketi tuonane.*

Jamaa wa Kasulu akapiga meza, ingawa meza haikuwepo, alipiga goti langu. Mimi nikavimba kichwa. Mwalimu akasoma mara mbili akasema mizani sawa, vina sawa, "lakini wewe ungefungwa Jumatatu asubuhi." Kwa nini? "Umemwambia usoni. Nyoka wako yuko wapi?"

Nguruka muhogo wa kuchoma mia tano, karanga mia tano. Mwalimu akafungua kapu, tukala maembe behewa zima, kokwa zinarushwa dirishani. Ndo hapo jamaa wa Kasulu aliponipa chupa yake ya mawese nimshikie akachimbe dawa, treni ikashtuka, daftari likanywa. Kurasa nne zimekuwa za rangi ya machungwa na unaona mwanga upande wa pili.

Uvinza mwalimu akashuka. Akaandika namba yake ya WhatsApp kwenye ukurasa mkavu, akasema ukiona kitu cha kutungia huko mbele nitumie, nitakujibu kwa beti, ndo ustaarabu. Nikambebea kapu mpaka kwenye mlango. Wauza chumvi walikuwa wengi kuliko abiria.

Kigoma tumefika saa moja usiku. Mwisho wa reli. Stesheni ya Mjerumani iko vilevile, ukitoka tu mlangoni ziwa liko chini yako, unalisikia kabla hujaliona.

Siku ya 5, Ujiji

Gesti Mwanga elfu ishirini na tano. Asubuhi daladala ya Ujiji, mia saba, na konda akinisikia nauliza njia akanihamishia kiti cha mbele "usipitilizwe dada."

Niliposhuka nikauliza vijana watano wa boda kijiweni: nataka kuona kwa kina Kandoro, mtunga mashairi. Wakaangaliana. Mmoja akasema, "Kandoro wa magodoro?" Mwingine akaniokoa: "Dada anataka kwa Livingstone." Wote wakafurahi, hapo wanapajua, elfu moja nakufikisha. Nikasema sio huko, halafu nikapanda kwa sababu jua lilikuwa kali.

Pale ni pazuri, siwezi kusema uongo. Pasafi, mnara upo, sanamu za Livingstone na Stanley wanavuliana kofia, wakubwa kama watu, na mwelekezi anaeleza vizuri: tarehe 10 Novemba 1871 kwa kumbukumbu za Stanley, chini ya mwembe. Mwembe wenyewe ulishakufa, iliyopo ni watoto wake. Akaeleza pia njia ya watumwa mpaka Bagamoyo, na hapo sauti yake ilibadilika, akawa anaongea chini chini. Kiingilio kwa Mtanzania ni hela ndogo, ila nenda na kitambulisho. Nikamuuliza Kandoro. Akatabasamu, akasema tangu aanze kazi hajaulizwa. Lakini anajua mzee wa kuuliza, akaacha kazi yake akanisindikiza uchochoro wa tatu.

Mzee alikuwa kwenye baraza na kofia ya viua, anasuka mkeka wa ukindu. Nikamwamkia, nikapewa kigoda, kahawa na kashata kabla sijasema kilichonileta. Alipoona zile kopi aliziweka mbali na macho, akazisogeza, akashindwa, akanirudishia. "Nisomee mstari wa kwanza tu." Nikasoma. Wa pili akasema yeye. Wa tatu yeye. Akaenda mpaka mwisho wa shairi lile la siafu, mikono inasuka, haangalii pembeni, na sehemu mbili alizosema yeye zilikuwa tofauti na karatasi yangu. Nikamwambia, mzee, hapa imeandikwa hivi. Akasimamisha ukindu. "Basi kitabu kimekosea." Na sikubishana, maana kwa lafudhi yake kilichotoka kinywani kilikuwa kinaimbika kuliko changu.

Alilipata utotoni, kinyozi wa mtaani alikuwa analighani huku ananyoa, na Mzungu akipita kinyozi hanyamazi, anapandisha sauti. Wakati mwingine Mzungu anasimama anasikiliza, anasema vizuri sana. Mzee alivyoiga ile "vizuri sana" ya Kizungu, pua imebanwa, wajukuu wake watatu walianguka. Inaonekana si mara ya kwanza kuiga.

Nikamuuliza na Amri Abedi, akaonyesha kwa kidevu upande wa pili wa barabara, "Wa hapa hapa." Basi, hakuongeza neno, akanimiminia kahawa nyingine.

Nilibaki pale mpaka adhuhuri. Nilipoaga nikataka kumwachia elfu tano ya kahawa, akakunja uso kweli kweli. Nikamwachia zile kopi sita, ingawa hazisomi. Mjukuu mkubwa atamsomea, na nadhani atamsahihisha karatasi nzima kwa peni.

Ukienda Ujiji, anza na baraza, usianze na kiingilio. Na usivae kaptula, ni mji wa watu wa dini, hawatakusema ila watakuangalia.

Siku ya 6, Kibirizi, na kugeuza

Kibirizi asubuhi kuangalia dagaa wanavyoanikwa na boti za vijijini zinavyopakia. Migebuka wa kukaanga kwa mawese na ugali wa muhogo, elfu tano, mama ntilie akaniongezea kipande cha pili kwa sababu eti nakula kama mgonjwa. Ule ugali unavutika, wa Dodoma ukizoea wetu wa uwele utashangaa matonge mawili matatu ya kwanza halafu hutaki kuacha. Dagaa wabichi usinunue kama unarudi kwa treni, fikiria majirani zako.

Nikiwa nimekaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa nikamwandikia mwalimu ujumbe mrefu: sanamu, mwembe, boda wa magodoro, mzee na kinyozi, kila kitu. Tiki mbili zikaja bluu, kimya. Kurudi sikuona sababu ya kuandika, treni mpaka Dodoma, mgongo, basi.

Jibu lake lilinikuta dukani siku ya pili, mteja anasubiri kulamineti cheti. Hakuna salamu, hakuna "nimepata," beti tu:

*Mwembe watoa kivuli, mpandaji hatajiki,*
*Mgeni kaja kwa mbali, akaketi hatoweki,*
*Kibao kina kauli, mizizi haisemeki,*
*Siafu wapo kamili, wapanda na hawachoki.*

Nimeiprinti A3 nimeibandika juu ya mashine ya kopi. Wateja wanasoma, mmoja kauliza ni dawa ya wadudu?

Natakiwa nimjibu na bado. Niko mshororo wa pili, na kila nikiugonga pajani unanipa tisa.